UZI: Kushona ngozi kwa mkono ukiwa Tanga. Ijue ngozi kwanza, vifaa baadaye

Kubadhi la Makorora (mleta uzi)

Wakuu, salaam aleikum, na wasio wa salaam hiyo hamjambo.

Tangu niseme kwenye uzi wa ufundi kwamba jioni huwa nashona mikanda, pochi na makubadhi, ujumbe ninaopata ni uleule: "Kaka, nitajie vifaa vyote ninunue nianze." Nimechoka kujibu mmojammoja. Mimi si fundi wa dukani, ni mtu wa ofisini anayekaa barazani baada ya magharibi na kibao mapajani. Nitakachosema hakitawafurahisha wanaouza yale mabegi ya vifaa hamsini vya kung'aa: hela yako ya kwanza iende kwenye ngozi, ya pili kwenye kisu. Vingine vitakuja vyenyewe.

Ngozi zinazotuhusu ni za aina mbili. Kuna ngozi ya magome, iliyolainishwa kwa maji ya magome ya miti, na kuna ngozi ya kromu, iliyosindikwa kwa chumvi za kromiamu. Ya kromu hukamilika kwa siku moja au mbili. Ya magome huchukua wiki, na zile nene hufika miezi. Ndiyo maana karibu vipande vyote utakavyopata kwa mafundi viatu, kwenye makoti ya mtumba na kwenye masofa ya zamani ni kromu: ni rahisi kutengeneza, laini, haiogopi maji sana. Haina ubaya. Ila haikubali mambo ambayo watu huwa wameyaona kwenye video wakayatamani. Ukiilowesha na kuigonga ua, kesho ua halipo. Ukisugua ukingo wake ili ung'ae, unabaki na manyoyamanyoya. Ukiikunja ikae umbo la ala ya kisu, inarudi ilivyokuwa.

Ngozi ya magome inafanya yote hayo. Ina nguvu ya kusimama, inashika umbo ikikauka, na inabadilika rangi kwa jua na jasho mpaka inakuwa kahawia nzuri ya asali. Mkanda, ala, kubadhi, kamba ya saa: tafuta magome. Mkoba wa kina mama unaotakiwa kuning'inia: kromu inatosha na inapendeza.

Utazijuaje? Muuzaji usimwulize, atakwambia "ni original". Fanya hivi:

Tazama ilipokatwa. Kromu mara nyingi katikati ina kijivu au kibuluu, hata kama juu imepakwa rangi nyeusi. Magome ni rangi ya udongo au mkate mpaka ndani.

Dondoshea tone la maji upande usiopakwa kitu. Magome hunywa haraka na doa huwa jeusijeusi. Kromu nyingi tone hukaa juu likikutazama.

Ukitaka uhakika, chemsha maji, tia kipande kidogo kama ukucha. Cha magome kitajikunja, kitapungua na kutoka kigumu kama plastiki. Cha kromu kitatoka kama kilivyoingia, kwa sababu kromu hufunga nyuzi za ngozi kwa namna inayostahimili joto la maji yanayochemka, na tanini, ile dawa iliyomo kwenye magome inayolainisha ngozi, haifiki huko, huachia kabla. Wapo wanaoshauri kuchoma kwa kiberiti. Msifanye, moshi wa kromu si wa kuvuta na jibu la maji ya moto ni lilelile.

Halafu jihadharini na ndugu wawili wa uongo: reksini, ambayo ukigeuza nyuma unaona kitambaa, na ngozi ya kusaga, yaani makapi ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Hii ya pili ndiyo hatari, maana kisheria ina ngozi ndani yake na harufu inayo. Mkanda wake huanza kupasuka pale pa tundu.

Ngozi ya magome mtaipata wapi? Ukienda kwa wauza vifaa vya viatu Kariakoo omba "ngozi ya soli", kwa kawaida hiyo ni ya magome, ila ni nene. Viwanda vya kusindika viko Moshi pale Karanga, na Himo. Ukipiga simu uliza waziwazi ni magome au kromu. Njia ya masikini kama mimi ni soko la mitumba: mikanda mipana ya zamani iliyo ngozi kipande kimoja. Ukiifumua unapata kamba za saa na vishikizo vya funguo vya kutosha.

Unene tunapima kwa milimita. Pochi ni 1 hadi 1.2. Mkanda 3.5 hadi 4. Soli ya kubadhi 4 hadi 5. Maelezo ya Wamarekani yanataja "aunsi", msichanganyikiwe, aunsi moja ni kama milimita 0.4 tu. Na ukinunua ngozi nzima usikate popote. Mgongoni, sambamba na uti, ndiko nyuzi zimebanana. Mikanda itoke huko. Tumboni ngozi inavutika, mkanda wa tumbo ukiuvaa mwezi unakuwa mrefu kuliko ulivyoukata. Vipande vya tumbo fanyia majaribio na bitana.

Sasa vifaa, kwa ufupi, maana mtanichosha:

Kisu cha kukatia kapeti, kile cha wembe wa kuvunjavunja, na rula ya chuma. Bikari ya mkebe wa hesabu wa mtoto, kuchora mstari wa mshono milimita 3 hadi 4 kutoka ukingoni. Uma wa mezani wenye meno sawa, kuweka alama za tundu. Msharasi, yaani chuma chenye mpini cha kutobolea ngozi. Sindano mbili zilizokatwa ncha. Uzi wa poliesta uliopakwa nta, au wa kitani ukiupata. Bonge la nta ya nyuki. Nyundo. Ubao wa plastiki wa kukatia nyama wa kuwekea chini. Msasa. Basi.

Kwenye kushona ndipo nitakapokaa, kwa sababu ndiyo raha yenyewe. Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono. Tia sindano kila mwisho, toboa uzi wenyewe kwa sindano kisha uvute, utajifunga bila fundo. Bana kazi kati ya mbao mbili zenye boliti, uzishike kwa magoti, mikono yote miwili ibaki huru. Msharasi mzuri ncha yake si duara, ni kama umbo la almasi lililolala, na tundu lake unaliinamisha kidogo, yote yainame upande mmoja. Pitisha sindano ya kushoto, vuta. Ya kulia ipite tundu hilohilo, chini au nyuma ya uzi uliokwishapita, daima upande uleule. Halafu vuta zote mbili kwa nguvu sawa mpaka usikie uzi umezama. Ukibadilisha mpangilio katikati ya mshono, utaona mistari inapinda pale pale, hata mtoto ataona. Mwisho rudi nyuma tundu mbili, kata, poliesta iguse kidogo na moto wa kiberiti.

Kwa nini usumbuke hivyo na cherehani ipo? Kwenye mshono wa cherehani uzi wa juu na wa chini vinashikana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, jirani zake wanaanza kulegea. Huku kila tundu limepitiwa na nyuzi mbili, kila moja kutoka upande wake. Ikikatika moja, ya pili bado imeshika.

Ukingo: msasa namba 220, kisha 400, lowesha kidogo kwa maji ya sabuni, sugua kwa kitambaa cha turubai au jinzi kwa kasi mpaka upate joto. Malizia kwa kijiti laini cha mpingo na nta. Nyuzi zilizosimama zinalala na kugandana, ukingo unakuwa kama umepakwa vanishi na hujapaka kitu. (Kwa magome tu, nimeshasema.)

Karibuni.

---

Fundi wa Mabawa

Mleta uzi umeandika vizuri ila umetudharau kidogo. Hiyo kromu unayoisema ndiyo inayovaliwa na watoto wa shule Tanga nzima. Viatu vya magome kwa mvua za masika za hapa? Vikilowa na kukaushwa juani vinakuwa kigae.

Na gundi hukuitaja kabisa, sisi bila gundi hatuli. Vijana wengi wanapaka upande mmoja wanabana palepale, halafu wanasema gundi mbovu. Kwaruza kwanza uso wa ngozi kwa msasa, paka pande ZOTE mbili, nyembamba, acha dakika kumi hadi kumi na tano mpaka ukigusa kidole hakinati. Hapo ndipo ubane na kugonga. Na uwe nje, ile harufu inaingia kichwani.

Kisu cha kuvunjavunja ni cha karatasi. Chukua kipande cha msumeno wa chuma ule mpana wa mashine, pitisha kwenye jiwe upande mmoja tu, shika kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Hicho utapunguzia unene wa ngozi kama unamenya embe.

---

Kubadhi la Makorora

Fundi, shikamoo, na nakubali kuhusu viatu vya kufunika. Kwa mvua kromu inashinda. Mimi nazungumzia mtu anayetaka kujifurahisha na mkanda au kubadhi. Gundi nayo ni kweli, ingawa kwenye mkanda wa kipande kimoja haihitajiki.

Kisu cha msumeno ndicho nilichonacho pia. Niongeze tu: kila baada ya kunoa kipitishe kwenye kipande cha ngozi kilichobandikwa ubaoni na kupakwa ile rangi ya kung'arishia vyuma, ukivuta kwa nyuma, si kwa mbele. Kisu kikali hukata kwa kupita. Kibutu hukata kwa kusukuma, na ukisukuma ndipo kinapoteleza kuja kwenye kidole gumba.

---

Binti Sahare

Kaka samahani, mimi nina mkoba wa ngozi niliuweka kabatini ndani ya mfuko wa nailoni usiingie vumbi. Umeota ukungu mweupe. Nautupa?

---

Kubadhi la Makorora

Dada usiutupe. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima, na nailoni inaufungia ndani. Utoe nje, futa ukungu kwa kitambaa kikavu ukiwa barazani ili mbegu zake zisirudi kabatini. Changanya siki na maji kiasi sawa, lowesha kitambaa uminye, pangusa, jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Acha ukauke kivulini penye upepo. Juani hapana, mafuta ya ngozi yatakimbia na itapasuka. Ukishakauka paka mafuta kidogo. Kuhifadhi, tumia mfuko wa kitambaa cha pamba, foronya ya zamani inafaa, na karatasi za gazeti ndani ushike umbo.

---

Mwana wa Pongwe

Mafuta gani? Bibi yangu alikuwa anapaka nazi kila kitu, na viatu vya babu vilidumu. Mitandaoni wanakataza nazi.

---

Kubadhi la Makorora

Wanaokataza wengi wako kwenye baridi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwao yanakuwa meupe juu ya ngozi. Tanga ni mara chache yagande. Nazi safi inafanya kazi kwenye ngozi ya magome, ila inaifanya iwe nyeusi zaidi, na ukizidisha ngozi inalegea. Matone machache, kitambaa, subiri hadi kesho ndipo uamue kuongeza. Mafundi wa nje husifu mafuta yanayotolewa kwenye mifupa ya miguu ya ng'ombe. Mafuta ya kupikia ya alizeti na mawese achaneni nayo, hunata na kuchacha.

Bibi alikuwa sawa.

---

Ngoma za Bagamoyo

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Huku sisi ngozi tunayoijua ni ya kuwamba ngoma. Tunachuna, tunakwangua, tunawamba ikiwa mbichi, jua linamaliza. Hatuweki magome wala dawa. Naweza kushonea pochi hiyo hiyo?

---

Kubadhi la Makorora

Mkuu, hiyo ni ngozi mbichi iliyokauka tu. Ikilowa inalainika tena na hatimaye kuoza. Ndiyo maana ngoma zenu mnazianika au kuzipasha moto kabla ya kupiga. Pochi haifai, itakuwa ngumu kama kibati. Lakini usiitupe: kamba nyembamba za ngozi mbichi ukizisokota zikiwa zimelowa na kufungia mpini wa kisu, zikikauka zinabana kuliko waya.

---

Mwana wa Pongwe

Sasa kama ni hivyo, Idi ya kuchinja tunatupa ngozi za mbuzi mtaa mzima. Tusindike wenyewe. Magome ya mikoko si yapo?

---

Kubadhi la Makorora

Hapa nitaandika kirefu kidogo, maana swali ni zuri na lina miba.

Mikandaa na mikoko magome yake yana tanini nyingi kweli, wazee wa pwani walitia rangi na kulainisha ngozi kwayo, na enzi za Wajerumani magome ya mikoko ya Rufiji yalipakiwa melini kwenda viwanda vya ngozi vya Ulaya. Lakini leo mikoko ni msitu wa hifadhi, ukibanduliwa magome mti unakufa, na bila kibali cha TFS, wakala wa serikali wa misitu, unatafuta kesi. Achana nayo. Tumia magome ya miti ya miwati. Lushoto miwati imejaa, ilipandwa tangu zamani, na watu wanaikata kwa kuni na mkaa, gome linabaki. Njombe kuna mashamba makubwa ya miwati yaliyoanzishwa 1949 kwa ajili hiyohiyo ya tanini, na kiwanda kinachotoa unga wake.

Ngozi ya mbuzi: kwa joto letu ikilala usiku mzima bila chumvi manyoya huanza kutoka yenyewe, na huo ni mwanzo wa kuoza. Kwa hiyo siku ileile ya kuchinja, kwangua nyama na mafuta, paka chumvi karibu nusu ya uzito wa ngozi upande wa nyama. Ukiwa tayari, osha chumvi yote itoke, loweka kwenye maji ya chokaa siku kadhaa mpaka manyoya yang'oke kwa mkono. Chokaa inaunguza, vaa glovu na linda macho. Kwangua, osha sanaaa, kisha loweka kwenye maji yenye siki kidogo ili chokaa ya ndani iishe.

Ndipo magome. Yachemshe, chuja, acha yapoe kabisa. Umeshajua maji ya moto yanafanya nini. Anza na maji mepesi kama chai ya rangi, kila siku chache ongeza makali. Ukianza na makali, uso wa ngozi unafunga na ndani kunabaki kubichi. Kujua kama imeiva, kata kona na utazame: kukiwa na mstari mweupe katikati, bado. Mstari ukiisha, imeiva. Hesabu wiki, si siku. Baadaye paka mafuta ikiwa na unyevu, na wakati inakauka uivuteivute kwenye ukingo wa meza, la sivyo utapata ubao.

Maji ya chokaa msimwage mtaroni, tafadhali. Na mkeo au mama mwenye nyumba aulizwe kwanza, harufu ni ya wote.

---

Fundi wa Mabawa

Hapo kwenye harufu umesema. Kila afanyaye hivyo Ngamiani ataitiwa mjumbe.

---

Binti Sahare

Na uzi wa mkonge je? Tanga tunalo pipa na funda tunaomba.

---

Kubadhi la Makorora

Dada, najua hapa kila kitu ni mkonge tangu yule Mjerumani Hindorf alete miche yake 1893. Lakini unyuzi wa mkonge unatoka kwenye jani, ni mnene na mgumu, unajikata ukipinda kwenye tundu dogo. Kwa kamba hauna mpinzani. Kwa mshono, kitani au poliesta. Mkonge utakufaa kwa kitu kingine: brashi yake ngumu inasugua vumbi na nta kavu kwenye makubadhi vizuri sana.

---

Mwana wa Pongwe

La mwisho, mkuu. Nimepata kipande cha magome, nataka mkanda mweusi. Rangi za dukani zinachafua suruali. Na tundu ngapi?

---

Kubadhi la Makorora

Rangi nyeusi tengeneza nyumbani. Tia misumari yenye kutu au ile stilwaya ya kawaida isiyo ya chuma cha pua, kwenye chupa ya siki nyeupe. Usikaze kifuniko, inatoa gesi. Baada ya wiki moja au zaidi chuja kwa kitambaa. Paka kwenye ngozi: itageuka kijivu, halafu nyeusi machoni mwako, kwa sababu chuma kinaungana na tanini iliyo ndani. Hiyo si rangi iliyokaa juu, ndiyo maana haihamii kwenye suruali. Kwenye kromu haitatokea kitu. Baadaye suuza kwa maji yenye bikaboneti kidogo kuua asidi, suuza tena kwa maji matupu, kausha kivulini, paka mafuta, maana siki hukausha.

Mkanda: usikate kabla hujanunua bizimu. Upana wa ngozi unafuata bizimu, si kinyume chake. Huku kwenye chumvi ya bahari chukua la shaba ya njano. Sumaku ikishika, ni chuma kilichochovywa rangi, kitaota kutu ndani ya mwaka. Isiposhika, kwaruza kidogo nyuma: njano mpaka ndani ni shaba, kijivu ni zinki.

Pima mkanda unaouvaa sasa, kutoka pale ngozi inapokunjwa kwenye bizimu mpaka tundu unalolitumia. Hapo ndipo tundu lako la katikati. Weka mawili kila upande, yaachane sentimita 2.5, na mbele ya la mwisho ubakize kama sentimita 10 za ncha. Toboa kwa panchi ya duara, si kwa msumari. Msumari unapasua, panchi inatoa kipande.

Picha ukimaliza uweke hapahapa.